Friwili Isiyolia

Mtaani walimwita Mzee Orijino, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ukimpelekea baiskeli yenye pedali za plastiki alizishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayetoa panya kwenye pipa la maji, kisha akakuuliza kwa upole ni nani aliyekutukana hivyo. Kwake kitu kilikuwa orijino au kilikuwa takataka, basi. Na orijino alikuwa nazo, sanduku zima la mbao chini ya kitanda. Alilibeba begani siku lile duka kubwa la baiskeli alilofanyia kazi ujanani lilipofungwa, mwenye duka akawaambia mafundi kila mmoja aondoke na anachoweza kubeba. Wenzake walichukua spana na pampu, mmoja akang'oa hata saa ya ukutani. Yeye alichukua vipuri ambavyo havijawahi kuonja baiskeli: friwili, habu za katikati ya magurudumu, pedali, vyote vimefungwa kwenye karatasi zake za nta. Sanduku likakaa chini ya kitanda miaka ishirini na saba. Mkewe, Mungu amrehemu, aliligonga kwa kidole cha mguu kila alfajiri mpaka siku alipofariki.

Tunayemhusu hapa ni binti yake. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mwembamba, mikono imejaa makovu ya spoku. Kazi alijifunza kwa baba yake tangu akiwa shule. Akaolewa, akaachika, akarudi nyumbani, akavaa aproni yake ile ile na kuendelea palepale alipoachia. Watu walimwita Dada Fundi wakiwa na haraka. Wakiwa na nafasi ya kusubiri walimwita binti wa Mzee, na baiskeli wakampa Mzee. Gurudumu lililopinda yeye ndiye alilinyoosha, mbele ya macho yao, halafu shukrani wakampa baba aliyekuwa amekaa anakunywa chai. Hayo aliyameza miaka tisa. Lakini kumeza si kusahau, na huyu dada hakuwa mtu wa kusahau hata kidogo.

Sasa, siku ya siku, akaja Sista. Huyu alikuwa muuguzi wa zahanati, yule anayezunguka kwa baiskeli nyumba hadi nyumba kuchanja watoto na kuwaangalia waliojifungua. Mtaa mzima hapakuwa na mtoto ambaye hakuwahi kulizwa na Sista. Baiskeli yake ilikuwa imemaliza friwili. Kwa asiyejua, friwili ni lile gurudumu dogo la meno huko nyuma linaloshika mnyororo. Ndani yake mna vidole viwili vya chuma, vidogo kuliko punje ya mahindi, na kila kimoja kina springi yake. Ukikanyaga pedali, vidole vinasimama na kuuma meno ya ndani, baiskeli inakwenda. Ukiacha kukanyaga, vinalala na kurukaruka juu ya meno hayo, ndiyo maana baiskeli ikiteremka mlima inalia tik-tik-tik. Vidole hivyo visiposimama, unakanyaga hewa.

Mzee akaingia ndani, tukasikia sanduku likiburutwa, akatoka na friwili ndani ya karatasi yake. Aliifungua taratibu, kwa mbwembwe zote, kama anamwonyesha mtu mjukuu. Chuma kilikuwa kinang'aa kweli, hakina hata alama ya kutu. Dada Fundi akaipokea, akaizungusha kwa kidole gumba, akaiweka sikioni. Kimya. Akaizungusha tena, na bado kimya, halafu nzito nzito, kama kijiko kwenye asali iliyoganda. Akamsogelea baba yake akamwambia kwa sauti ya chini, kwa adabu zote, kwamba grisi ya ndani imekauka na vidole vimenata. Ifunguliwe, ioshwe kwa mafuta ya taa, itiwe oili nyepesi, ndipo ifungwe. Kazi ya nusu saa. Mzee alimtazama kama mtu aliyeambiwa amwogeshe mgeni kabla ya kumkaribisha.

"Kitu kipya unakifunguaje?" akasema. "Ina grisi yake ya kiwandani."

"Baba, hii haijatumika. Haijatumika si mpya."

Hapo ndipo ugomvi wote ulipolala, kwenye maneno mawili hayo. Kwa Mzee lilikuwa neno moja tu. Kitu ambacho hakijaguswa ni kipya, hata kikae miaka mia, na miaka haimo kwenye hesabu. Angekubali kwamba kitu kinaweza kuzeeka kikiwa kimelala kwenye karatasi yake, angekubali pia kwamba sanduku zima lilikuwa limezeeka chini ya kitanda chake naye juu yake. Njia hiyo hakuwa tayari kuipita. Badala yake alipandisha sauti ili mteja asikie.

Akamwuliza Sista kama anamsikia binti yake, anataka kufua nguo ambayo haijavaliwa. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye masikio yake yalifanya kazi kuliko sindano yake, akaangua kicheko. Na Sista akacheka. Hakucheka kwa ubaya, jamani, alikuwa na haraka zake na mzee wa watu kachekesha. Lakini kicheko kile kilimwingia Dada Fundi kama spoku chini ya ukucha. Miaka tisa! Akaweka spana mezani, polepole, akaenda kukaa kwenye benchi la ukutani, akajitia kushughulika na gurudumu ambalo halikuwa na shida yoyote.

Mzee akaifunga friwili yake kwa mikono yake mwenyewe. Dakika kumi. Akasukuma pedali kwa mkono, gurudumu likazunguka, akatabasamu. Sista akairudisha pedali kinyume, akauliza mbona hailii. Mzee akamwambia orijino hailii, zinazolia ni hizi za siku hizi, zinapiga kelele kwa sababu hazina kitu. Sista akasifu, akasema kweli imetulia. Akafunga mkoba wake na kisanduku cha chanjo kwenye karia, akapanda, akapita hatua moja kutoka kwenye benchi. Dada Fundi alisikiliza gurudumu likipita bila sauti yoyote, akajua. Moyoni akasema, ngoja aone. Aliyemkusudia ni baba yake. Sista akampungia mkono, naye akampungia.

Siku ya tatu habari zikafika. Sista alikuwa anapanda kilima cha tangi la maji, kwenda kwa mama aliyejifungua siku hiyo. Katikati ya kilima alisimama juu ya pedali kama wanavyosimama wote pale, maana pale hapapandiki kwa kukaa. Pedali ikamkimbia. Alipaa juu ya usukani, akatanguliza mkono wa kulia, na mkono ukavunjika kwenye kifundo, mahali pawili. Dereva wa lori ndiye aliyemwokota, pamba na kadi za watoto zikiwa zimetapakaa barabara nzima.

Kesho yake asubuhi bwana stoo wa zahanati alikuja akiisukuma baiskeli yenyewe, usukani umegeukia pembeni. Alikuwa mtu wa taratibu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alisalimia wote waliokuwepo, wateja wawili na fundi viatu aliyekuwa amekuja kuazima koleo kwa bahati mbaya kabisa, kisha akauliza kwa utulivu tu ni nani aliyeifunga friwili hii. Dada Fundi akamgeukia baba yake. Hakuwa na wasiwasi. Alijua mzee ni mkaidi, ana majivuno, lakini hata siku moja hakuwahi kumjua kuwa mwoga. Mzee alichukua tambara akafuta vidole, kimoja kimoja, vidole ambavyo vilikuwa safi.

"Magurudumu siku hizi anashughulikia binti," akasema.

Hebu yatazame maneno hayo. Yapeleke mahakamani, hakimu hataona uongo. Ni kweli binti ndiye aliyeshughulikia magurudumu, miaka tisa sasa, na katika miaka yote hiyo ilikuwa mara ya kwanza baba mtu kulisema mbele za watu. Sifa aliyomnyima miaka tisa aliitoa siku ilipogeuka kuwa kosa! Bwana stoo akaandika kwenye karatasi yake. Halafu, bila hata kumtazama dada, akamwambia Mzee kwamba baiskeli tisa za zahanati zitaendelea kuja hapa kwa heshima yake yeye, ila kwa sharti moja, binti asiziguse. Mzee akaitikia kwa kichwa.

Utauliza kwa nini dada hakusema pale pale. Alitaka. Damu ilimpanda mpaka akaona barabara imekuwa nyeupe. Lakini kumwambia baba yako mwongo mbele ya wageni ni jambo ambalo mdomo unalikataa wenyewe kabla hujaamua, na yeye mdomo wake, uliokuwa mkali kwa watu wote, siku hiyo ulimgomea. Fundi viatu akaondoka bila koleo, mbio, kwenda kuwahi kusimulia.

Dada Fundi alimfuata baba yake chumba cha nyuma, kule yanakoning'inia matairi. Mzee alikuwa amempa mgongo, anahesabu tyubu alizokuwa amezihesabu asubuhi ile ile. Binti alimwuliza swali moja tu, kwa nini. Mzee akajibu huku akiendelea kuhesabu.

"Mimi nimebakiwa na jina tu, mama. Wewe una miaka mbele, utajenga lako."

Alimwita mama, kama alivyomwita tangu utotoni, na hilo ndilo lililommaliza. Angemtukana ingekuwa nafuu. Dada Fundi alimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba. Alimwambia kwamba jina lake huyo mzee limesimama juu ya mgongo wake yeye, kwamba macho yake hayaoni tena spoku iliyolegea, ni yeye anayerudia kazi zake zote wateja wakiondoka. Na akamwambia kwamba sanduku lake ni jeneza. Mzee aliacha kuhesabu. Alisimama na tyubu mkononi, hesabu imempotea, na binti aliona na hakumhurumia.

Alasiri shangazi akafika na mkoba wake kwapani, dada yake Mzee, ambaye hajawahi kuitwa kwenye ugomvi wowote na hajawahi kuukosa hata mmoja. Aliketi, akapepea uso, akasema baba ni baba. Akasema mzee kateleza ulimi, amebakiza siku ngapi duniani, mtoto mwenye akili anameza. Dada Fundi akamwuliza mtu anatakiwa ameze mangapi ndipo ihesabike kwamba ameshiba. Shangazi akasema mdomo huo huo ndio uliomwachisha kwa mumewe. Wakaachana hapo.

Usiku ule binti hakulala, na asubuhi hakuwa na haja ya kufikiri tena. Jua lilipopanda vizuri alitoa meza nje, akafunga jiliwa, kibanio cha vyuma, kwenye ukingo wake, akaweka beseni, akamimina mafuta ya taa. Akaingia chumbani kwa baba yake, ambaye alikuwa msalani, akalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akaliburuta sebuleni, barazani, mpaka kando ya barabara. Halafu akapaza sauti kwamba anayetaka kujua kilichomwangusha Sista aje aone kwa macho yake, asingoje kusimuliwa. Fundi viatu alikuwa wa kwanza, kiatu cha mteja kimevaa mkono wake. Wakaja wauza maji na mitungi yao kwenye karia, wakaja kina mama waliokuwa wanapita, wakajaa.

Alianza na ile ya Sista. Aliitoa kwenye gurudumu, akaibana kwenye jiliwa, akachukua msumari butu na nyundo. Kifuniko cha friwili hufunguka kinyume, ukikizungusha kama vifuniko vingine unakikaza, na aliwaambia hivyo, maana alitaka waone anajua. Kikalegea. Akawaambia watazame vizuri: friwili yenye afya ukiifungua, gololi zake ndogo humwagika kama mtama, na fundi asiyetandika kitambaa chini atazitafuta mpaka jioni. Akainua kifuniko, akaipindua friwili nzima juu chini. Haikudondoka hata gololi moja. Akaitikisa. Hazikudondoka. Zilikuwa zimekaa kwenye grisi ya rangi ya nta ya masikio, ngumu, na ilibidi azichokoe kwa pini moja baada ya nyingine. Chini yake kidole cha kwanza cha chuma kilikuwa kimelala kabisa, kimegandamana na kitako chake. Cha pili kilikuwa kimeinuka nusu, na ncha yake ilikuwa imemeguka.

"Hiki kimoja, kwa ncha hii, ndicho kilichombeba Sista siku tatu," akasema.

Hakuna aliyecheka. Akachukua friwili nyingine kutoka sandukuni, akaichana karatasi yake, akaipitisha kwa watu kila mmoja aizungushe sikioni. Kimya. Akaifungua, akaitumbukiza kwenye beseni, akaipiga brashi mpaka mafuta ya taa yakawa na rangi ya chai. Akaifuta, akaweka gololi na grisi mpya, vidole akavitia tone moja la oili, moja tu, maana ukivizidishia vinavuta vumbi na kunata upya. Akakaza kifuniko, akaizungusha. Tik-tik-tik-tik. Muuza maji mmoja akaichukua akawa anaizungusha kama mtoto, hataki kuirudisha. Akafungua ya tatu, ya nne. Zote zilikuwa hivyo hivyo. Karatasi za nta zilipeperuka barabarani na watu wakazikanyaga.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Haijulikani alisimama tangu saa ngapi, ana kikombe mkononi na chai imeota utando. Binti alimwona na hakusimama. Tusimpambe: alimtaka aone, alitaka aone kila kitu, na kila friwili iliyogoma kuzunguka ilimpa utamu fulani kifuani. Fundi viatu, ambaye akiba ya maneno hana, akamwuliza Mzee mbona orijino yake imegeuka gundi. Hapo watu wakacheka sana, na kicheko hicho kilikuwa kikubwa kuliko kile cha siku ile.

Mzee aliweka kikombe chini. Akashuka, watu wakampisha, akapiga goti moja kando ya sanduku. Akatoa pedali, akaizungusha kwa vidole vyake. Haikuzunguka. Akatoa habu, akashika ekseli kwa vidole, akazungusha, ikaenda robo ikakwama. Akachukua nyingine, na nyingine, hakuruka hata moja, mpaka akafika kwenye mbao za chini. Ilichukua muda mrefu na vicheko vilikwisha vyenyewe, watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, maana kumtazama kulichosha. Alipomaliza aliingia ndani. Akatoka amevaa shati lake la shughuli, lile lililopigwa pasi, vifungo amefunga mpaka juu.

"Twende kwa Sista," akasema.

Njiani Dada Fundi alitangulia. Hasira hazikuwa zimemtoka, ila sasa zilitembea kifua mbele. Alikuwa anayapanga moyoni: mzee akianza kuzungukazunguka atamkatiza, akisema magurudumu siku hizi, atamwambia sema yote. Alimtaka bwana stoo awepo. Hata shangazi alimtaka. Alitaka neno moja litamkwe mbele ya mtu mwenye haki ya kulisikia, kwamba yeye alijua kazi yake, na aliyekosea si yeye.

Sista aliwakaribisha mwenyewe. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta mpaka kiwiko, umening'inizwa kwa kitambaa, na nywele alikuwa amezichana upande mmoja tu, mkono wa kushoto ulipochoka akaacha. Aliwaomba radhi kwa chumba kutopangwa. Chumba chenyewe kilikuwa kisafi, kiti kirefu na meza yenye kitambaa, na juu yake daftari ambalo alikuwa anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zinazoyumba, ukurasa mzima. Walipomuuliza hali alijibu bila kulalamika kwamba mfupa utaunga. Ila vidole viwili havimtii, gumba na cha shahada, daktari anasema mshipa wa fahamu umeguswa, huenda vikarudi na huenda visirudi. Mwezi ujao wanampeleka mapokezi kuandika kadi. Sindano inataka gumba, akasema, na alikuwa amechoma sindano miaka kumi na saba.

Mzee hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, mikono mgongoni.

"Sista, aliyeifunga friwili ile ni mimi," akasema. "Huyu hakuigusa. Huyu aliniambia iko vibaya. Aliniambia niifungue niioshe, vidole vimenata, kabla hujapanda aliniambia. Alijua. Mimi nikakataa kwa kiburi changu, na jana nikambandikia yeye mbele ya watu wenu. Leo nitakwenda kwa bwana stoo nimwambie hivyo hivyo."

Ilikuwa imesemwa. Yote, bila kuzungukazunguka, bila hata kumkatiza. Dada Fundi alihisi kifua kinafunguka, pumzi inashuka mpaka chini kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na macho yakamchoma. Akamtazama Sista, akingoja ushindi wake. Alikuwa hata ameandaa maneno ya kumtetea mzee kidogo, sasa kwa kuwa alikuwa na nafasi ya kumtetea.

Sista hakuwa anamtazama Mzee. Alikuwa anamtazama yeye, na paji la uso wake lilikuwa limekunjamana kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka ufunguo.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua. Niliizungusha nikaisikia."

"Ulikuwa umekaa kwenye benchi," Sista akasema. "Nilipita mbele yako. Nilikupungia mkono."

Dada Fundi akafungua mdomo. Maneno aliyokuwa ameyabeba siku zote hizo yalikuwa mengi, na yote yalikuwa ya baba yake, hakuna hata moja lililomfaa mtu huyu. Mzee akasogea hatua moja, akaanza kusema kwamba mwanawe hana kosa, kosa ni lake yeye. Binti akamwinulia kiganja anyamaze.

"Nilikuwa na hasira na Baba," akasema. "Nilitaka aone."

Sista aliitikia kwa kichwa, polepole, kama anavyowaitikia wagonjwa wakimweleza maumivu yalianza lini. Akaushika mkono wa plasta kwa ule mzima, akaupakata mapajani.

"Baba yako hakuwa juu ya baiskeli," akasema. "Nilikuwa mimi."